Homa ya Marehemu Hoza

Mashine ilisema kwa adabu, kama kawaida yake: "Bwana Hoza ana homa. Apelekwe zahanati. Hii ni mara ya pili."

Bi Kidawa alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele. Hakuinua hata jicho. Aliijibu kwamba Bwana Hoza ana miezi saba udongoni, na kama huko nako kuna homa basi wenyeji wa huko watamwangalia, wao wa huku wasijitie kimbelembele. Mashine ikanyamaza. Haikuwa imefundishwa kusikiliza, ilifundishwa kusema tu, na kwa tabia hiyo Bi Kidawa aliiona imefanana mno na marehemu mama yake Hoza. Ndiyo maana akaipa jina la Mavyaa. Nani mwingine, aliwauliza majirani, anayeweza kuketi pembeni mwa nyumba ya mtu, akanusa nguo za mwanawe kutwa kucha, kisha akatangaza kwa sauti kwamba mwanawe haangaliwi?

Tatizo ni kwamba kuta za Mji wa Juu nyembamba. Mama Sauda wa upande wa pili alikuwa ananyonyesha aliposikia habari hizo. Pilau ya arobaini ya Hoza aliila kwa mkono wake mwenyewe, sahani mbili na ukoko, na sasa anaambiwa mzee ana homa. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka na kandambili moja, na hakusimama mpaka ofisi ya mafundi.

Hata mchele haujesha kuchambuliwa, hodi ikapigwa mlangoni.

*

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ovaroli ya kijani, mtandio kichwani, mkoba wa vyuma begani. Aliamkia shikamoo huku anavua viatu. Bi Kidawa aliitikia marahaba, akamtazama namna alivyokunja mikono ya ovaroli, mikunjo mitatu, sawasawa, mmoja juu ya mwingine.

"Wewe mtoto wa Mwalimu Zaina," akasema.

Fundi alishtuka, kisha akacheka. Naam, yeye ni Mwantumu, wa Mwalimu Zaina wa Pangani. Bibi amemjuaje?

Bi Kidawa akasema watu wengine hujua watu kwa sura, yeye aliwajua kwa nguo zao. Miaka thelathini na tatu alikuwa dobi wa Pangani, na mkunjo ule ulikuwa wa Mwalimu Zaina, hakuna mwingine mji mzima aliyekunja vile. Sare ya Mwantumu aliikumbuka pia: marinda manane, na doa la embe kifuani lililogoma kutoka mpaka mtoto akamaliza shule. Alisema hayo kwa furaha. Lakini alipokwisha kulitaja jina la Mwalimu Zaina mara mbili, mchele kidogo ukamwagika ukingoni mwa ungo.

Mwantumu hakuona. Alikwisha piga magoti mbele ya Mavyaa.

Kila nyumba ya Mji wa Juu ilikuwa na kikaushio chake, kimejengewa ukutani kama kabati. Bahari ilipoichukua Pangani, watu walipanda milimani, na milimani kuna ukungu siku mia tatu za mwaka. Nguo haikauki. Na hata ingekauka, kuanika ni marufuku, kwa sababu maji ya mji yanakamuliwa kwenye ukungu huo huo, na jasho la watu halitakiwi kurudi angani. Kikaushio kinayavuta maji ya nguo, kinayachuja, kinayarudisha kwenye tangi. Na kwa kuwa maji hayo yatanywewa na wote, kikaushio kina pua. Mvuke unapopanda, pua inasoma: chumvi imezidi, sukari imezidi, au kifua kina kidonda. Ya nani? Hilo linajulikana kwa uzi wa jina, uzi mmoja wa chuma laini ulioshonwa kwenye pindo la kila nguo. Pua inasema kuna nini, pindo linasema ni nani. Mara mbili mashine huwaambia wenye nyumba. Mara ya tatu haisemi nyumbani. Husema huko huko zahanati, na gari jeupe huja.

Pua hiyo ilikwisha waokoa wengi, na Bi Kidawa hakulikana hilo. Alichosema ni kwamba hata mavyaa wa kweli huokoa nyumba mara moja moja, wala mtu hampendi zaidi kwa hilo.

Mwantumu alianza na chujio. Alilivuta, akatoa bonge la nyuzi na manyoya ya nguo, kubwa kama paka mdogo aliyelala. Akauliza lini mara ya mwisho lilisafishwa. Bi Kidawa akamwambia asilitupe bonge hilo, ampe, ana mto anaujaza. Fundi akampa bila kuuliza. Kisha akapangusa vile vibati viwili vilivyo ndani ya pipa, vinavyogusana na nguo na kujua kama bado mbichi, akavipangusa kwa kitambaa chenye siki. Akakagua mpira wa mlango. Akapuliza tundu la pua. Akatia taulo lake mwenyewe, safi, limeloweshwa maji, akaiwasha.

Mashine ikazunguka. Baada ya dakika chache ikasema taulo limekauka, halina mwenyewe, halina ugonjwa.

"Inafanya kazi," Mwantumu akasema, kama anayejisemea mwenyewe.

Akafungua orodha ya nyumba kwenye kioo cha mashine, akakuta majina mawili, Hoza na Kidawa. Akauliza taratibu kwa nini marehemu bado yumo. Sheria inataka jina litolewe nguo za marehemu zikishagawiwa, na nguo hugawiwa arobaini ikipita.

Bi Kidawa akasema hakupata nafasi.

"Miezi saba, Bibi?"

"Kuzeeka ni kazi, mwanangu. Subiri uianze."

*

Ukweli aliujua mwenyewe, na haukuwa kwenye vibati wala kwenye chujio.

Nguo za Hoza alizigawa zote isipokuwa fulana moja na msuli mmoja. Fulana hiyo alilala nayo. Mwanzo alilala nayo kwa sababu ya harufu: majivu, wanga, na yale mafuta ya nazi ambayo Hoza alijipaka mpaka masikioni. Hoza alikuwa mpiga pasi. Yeye alifua, Hoza akapiga pasi, ya mkaa, chini ya kibanda cha makuti nyuma ya soko. Alijaza maji mdomoni akayapuliza juu ya nguo kama tembo, na wateja wapya walichukia mpaka waone kola ilivyosimama. Kamba za kuanikia zilikuwa sita, kutoka mwembe hadi nguzo ya ua. Jua la saa nne likipiga na upepo ukija kutoka mtoni, kanga za mji mzima zilikuwa zinasema kwa pamoja, kila moja na jina lake. Bi Kidawa aliwahi kusema kwamba hajapata kusikia redio nzuri kuliko ile.

Harufu ya Hoza kwenye fulana ilikuwa imekwisha zamani. Dobi hawezi kudanganywa katika jambo hilo. Iliyobaki ilikuwa harufu yake mwenyewe.

Na miezi miwili sasa, jasho lilikuwa linamtoka usiku, shuka zima. Kikohozi kilikuja na kukaa, akakisingizia pilipili, kisha ukungu, kisha bamia. Alijua. Aliyefua nguo za watu miaka thelathini na tatu anajua jasho la kazi, jasho la woga na jasho la kifua. Siku moja alipotaka kutia nguo zake mwenyewe kwenye mashine, mkono ulisita. Ndipo lilipomjia wazo, na wazo likamchekesha peke yake jikoni: akilala na fulana ya Hoza, pindo litasema Hoza. Nguo zake za mchana alizifua kwa maji ya moto mara tatu, Mavyaa asipate neno. Maisha yote Hoza alikuwa akisingiziwa. Sukari ikiisha, Hoza. Sahani ikivunjika, Hoza. Kwa nini asibebe na hili?

Zahanati hakuiogopa kwa sindano. Hoza naye alisemwa na Mavyaa, figo, akaenda akiambiwa ni siku tatu tu. Alikufa siku ya tisa, ndani ya shuka jeupe lisilo na pindo la mtu, lenye harufu ya dawa ya kusugulia sakafu. Bi Kidawa alilinusa shuka lile. Halikuwa na Hoza ndani yake hata kidogo.

*

Mwantumu alikuwa anachambua kapu la nguo zilizotoka asubuhi. Akaishika fulana, akaigeuza pindo, akaona uzi wa jina na pembeni yake alama nyekundu ya kale, msalaba mmoja wa sindano, jinsi madobi walivyotia alama nguo zisipotee. Akaileta usoni. Akainusa.

Bi Kidawa akakohoa. Alijaribu kukikatiza kikohozi katikati, kikakataa, kikatoka chote.

Fundi akauliza nani anavaa fulana hii. Aliuliza kwa upole wa mtu anayejua jibu.

Basi Bi Kidawa akaacha mchele. Akamwambia yote kwa maneno machache, kisha akamwambia anachotaka. Andika kwamba pua ni mbovu. Kata waya wake. Nguo zitakauka kama kawaida, maji yatachujwa kama kawaida, na kikongwe atakaa na mashine bubu mpaka siku yake. Hamdhuru mtu.

Mwantumu akasema pua ikikatwa, hata moto ukishika ndani ya pipa haitanusa. Akauliza pia, yule mtoto wa Mama Sauda, hukaa na nani mama yake akienda zamu? Bi Kidawa akajifanya hakusikia. Mtoto yule alilala kifuani pake kila alasiri.

Alipoona fundi anasita, Bi Kidawa akatoa silaha yake kubwa. Dobi, akasema, hatoi siri ya nguo. Yeye alifua mashuka ya harusi na mashuka ya talaka. Alikuta wanja kwenye kola za mashehe na barua kwenye mifuko ya wake za watu, na mji haukupata kusikia neno. Nguo haina mdomo. Fundi wa kikaushio ni dobi wa siku hizi, naye ajifunze kufunga wake.

"Ungemuuliza mama yako, kama angekuwepo," akamalizia kwa kujisifu. "Mwalimu Zaina alijua siri yake imelala kwangu kama maiti."

Neno lilikwisha toka. Alitamani kulirudisha, kama mtu aliyedondosha bluu nyingi kwenye beseni la nguo nyeupe.

Mwantumu aliweka fulana chini. "Siri gani?"

Bi Kidawa akaokota punje za mchele zilizomwagika, moja moja. Mavyaa ilikuwa inapoa, bati lake linalia tik, tik.

"Leso," akasema mwishowe. "Zilikuja kumi na mbili kila wiki. Kisha zikaanza kuja na damu. Kidogo kwanza, kama tone la rangi ya kucha. Siku moja nilimtazama mama yako machoni, akaweka kidole mdomoni. Basi. Nikazifua. Maji baridi, chumvi, ndimu. Hoza akapiga pasi. Zilirudi nyeupe kama ganda la yai."

"Miezi mingapi?"

"Minne. Mitano."

Mwantumu alikuwa na miaka tisa wakati ule. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na dawa za kifua kikuu zilikuwepo, tena za bure. Yeye mwenyewe alizinywa nusu mwaka baada ya mazishi, kwa kuwa alilala kitanda kimoja na mama yake. Hayo Bi Kidawa aliyajua, mji ni mdogo. Alijua pia kwamba tangu mazishi yale yeye mwenyewe hakupata kupokea leso ya mtu bila kuifungua kwanza, hata huku mlimani, hata Hoza alipompa ya kufutia jasho.

Mwantumu hakupandisha sauti. Alichukua koleo, akaingiza mkono nyuma ya pipa, ukasikika mkato mdogo, na taa ya pua ikazimika. Akatoa karatasi, akaandika, akamwonyesha: kihisi kibovu, kimekatwa, kisubiri kipya. Akafunga mkoba.

"Karatasi nitaipeleka ofisini saa kumi," akasema. Akavaa viatu. Mlangoni akageuka.

"Damu uliitoa vizuri sana, Bibi. Hata mimi niliyelala naye sikuiona."

*

Nyumba ilikuwa kimya kuliko alivyodhani. Bi Kidawa alimaliza mchele, akaupika, akaula nusu. Akajaribu kumtania Mavyaa kama kawaida, akamwambia leo umepatikana, ulimi umekatwa. Utani haukuwa na ladha. Mtu hawezi kumcheka asiyeweza kumsema tena.

Akachukua lile bonge la manyoya ya nguo, akakaa nalo mapajani. Alilipapasa akitafuta uzi wa samawati wa msuli wa Hoza, akaupata mmoja, au alidhani ameupata. Mwingine wote ulikuwa mweupe, wa magauni yake, wa mashuka yake. Miezi saba ya Kidawa. Alikuwa anajaza mto kwa nyuzi zake mwenyewe akiita ni za mume.

Saa tisa Mama Sauda aligonga ukutani, kisha akaja na mtoto. Aliulizia fundi amesemaje. Bi Kidawa akasema kilikuwa kibovu. Mama Sauda akashukuru Mungu, akasema alikwisha ahidi kuirudisha ile pilau. Kisha akamtoa mtoto mgongoni, akamnyoosha mbele kama anavyofanya kila siku, miguu inarusha hewani, kikofia kimeteleza jicho moja.

Mikono ya Bi Kidawa ilikwisha inuka. Ilikuwa imezoea.

Akaishusha.

"Leo simpakati," akasema. "Kaa naye mbali. Na ukienda, mpitie fundi ofisini kabla ya saa kumi. Mwambie dobi anamwita, na asiitoe ile karatasi."

*

Mwantumu alipofika alimkuta dirishani, miwani puani, sindano mkononi. Kwenye mapaja ilikuwa fulana. Bi Kidawa alikuwa amefumua pindo, ametoa uzi wa jina wa Hoza, na sasa anauingiza wa kwake, aliouchomoa kwenye gauni. Pembeni, kwa uzi mwekundu, alishona nukta tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake Pangani. Akasimulia, bila kuulizwa, kwamba Hoza alipoanza kumtaka alikuwa anachanganya alama makusudi, nguo za mkuu wa forodha anampelekea mwalimu, za mwalimu anampelekea mchinjaji, ili apate sababu ya kurudi kwa Kidawa kuuliza. Mji mzima ulivaa nguo za watu wengine wiki tatu mpaka baba yake akakubali posa.

"Na mimi nimezichanganya tena," akasema. "Zitengenezwe."

Hakuomba msamaha kwa maneno. Alinyoosha leso, moja, nyeupe, imekunjwa mikunjo mitatu, akamkabidhi Mwantumu, akasema ilibaki kwake wiki ile ya mazishi, na hakuwa na uso wa kuirudisha. Mwantumu akaishika. Hakuifungua. Akaitia kifuani chini ya ovaroli na kwenda kuunga waya, na akauunga kwa muda mrefu kuliko waya ule ulivyohitaji, mgongo umeelekea chumbani.

Kisha wakatia nguo mbili ndani ya pipa, fulana ambayo jasho la jana usiku lilikuwa bado halijaitoka yote, na msuli wa samawati, uliofuliwa siku ya arobaini na kufungwa sandukuni, haukuguswa na mtu tangu hapo. Bi Kidawa alizinyunyiza zote mbili maji kwa mdomo, kama tembo. Mwantumu akamwambia hayo si maji safi, akaambiwa anyamaze.

Mavyaa ikazunguka. Mvuke ukapanda. Walisimama wawili mbele ya kioo kama watu wanaongoja uji uchemke.

"Bi Kidawa ana homa," ikasema. "Apelekwe zahanati. Hii ni mara ya kwanza."

Bi Kidawa akaitikia kwa kichwa, kama aliyesikia jina lake likiitwa shuleni. Akangoja. Mashine ikazunguka tena mara mbili tatu, ikitafuta.

"Bwana Hoza hajambo."

Mwantumu alitazama lile jina kwenye kioo. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kulifuta. Akakiondoa, akaandika kwenye karatasi mpya kwamba kihisi ni kizima, na hakuandika zaidi.

Bi Kidawa alikwisha funga kifurushi chake: mswaki, kanga mbili, shuka lake mwenyewe lenye pindo lake, maana popote atakapolazwa, hatalala kwenye shuka la mtu asiyejulikana. Alimpitia Mama Sauda, akasimama mbali, uso ameufunika kwa mtandio, akamwambia akapimwe yeye na mtoto kesho asubuhi, bila kukosa. Kisha akampa ufunguo na kazi moja. Kila Ijumaa aingie ndani, aunyunyize ule msuli maji, autie kwenye mashine, aiwashe.

Mama Sauda akauliza wa nini, nao hauvaliwi na mtu.

"Ili nyumba ile iwe na mtu hajambo," akasema Bi Kidawa, akamshika Mwantumu mkono, wakateremka ngazi ndani ya ukungu.